Gloriosa ya kichakani: naweza kuihamishia Muyeye?

Umi wa Muyeye

Assalaam alaykum wapenda bustani, na wengine wote habari zenu.

Nina jambo linataka jibu la haraka. Shamba letu la urithi liko upande wa Ganda, na kati ya mikorosho na mpaka wa jirani kuna kichaka ambacho hakijaguswa tangu marehemu baba alipokuwa hai. Kila masika yakikolea, humo hutoka mmea unaopanda juu ya chochote unachokikuta: vichaka vya lantana, waya wa seng'enge, hata mpini wa jembe ulioegemezwa hapo ukasahauliwa. Ncha ya kila jani imejisokota kama mkia wa kinyonga, na ndiyo inayoshika. Ua lenyewe limeinama, uso chini, lakini petali zake sita zimegeuka kuelekea juu na kingo zake zimekunjamana. Likifunguka huwa na manjano mengi upande wa shina na wekundu nchani. Kadiri siku zinavyokwenda wekundu unashuka mpaka manjano yote yanamezwa. Kijana mmoja anayetembeza wageni pale magofu ya Gede nilimwonyesha picha, akaniambia ni gloriosa.

Sasa kaka yangu ameamua kufyeka kichaka apande minazi mifupi, na kazi itaanza kabla ya mvua za vuli. Simlaumu, shamba ni letu sote na nazi ni pesa. Lakini yale maua nayataka. Shida ni kwamba tuko mwisho wa Agosti, na nilipokwenda Jumamosi nilikuta mashina yamegeuka manjano, mengine yamekauka kabisa. Sijui yamekufa au vipi. Nichimbe sasa hivi au ningoje? Na nikingoja nitajuaje yalipo?

Nyumbani kwangu Muyeye, hapa Malindi, ni mchanga mtupu, na maji ya kisima yana chumvi. Yakikauka kwenye sufuria yanaacha weupe. Nina ukuta wa mawe unaopata jua la asubuhi, kisha mwarobaini wa jirani unatia kivuli kuanzia saa sita. Mwenye mwarobaini huyo ananicheka, asema ua la mwitu halifugiki. Mama mkwe naye hataki kulisikia kwa sababu ni sumu, na nina mtoto wa miaka miwili ambaye kila kitu kwake ni cha mdomoni. Mbuzi wa mtaa pia hawana adabu.

Aliyewahi kulipanda anieleze alivyofanya kwa mikono yake. Ya kusoma nimeshasoma.

Kijana wa Mambrui

Dada, kwani lazima? Panda asumini na kilua, jioni nyumba inukie hadi barabarani. Hilo la kichakani halina hata harufu. Na kama ni rangi unataka, bogenvilia zimejaa Malindi nzima na hazidai maji ya mtu.

Mzee wa Pupa

Umi mwanangu, huyo wa Mambrui mwache na asumini yake.

Mimi nakaa Gede, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Nafuga viwavi na kuuza pupa za vipepeo, yaani viwavi waliokwisha jifunga wakingoja kuota mabawa, kwa mradi wa Kipepeo pale magofuni, ule ulioanza 1993. Kwa hivyo nusu ya boma langu ni kitalu cha mimea ya mwitu, maana kiwavi wa msituni ukimpa sukumawiki atakufa akikutazama. Gloriosa si chakula cha kiwavi wangu hata mmoja. Naipanda kwa kuipenda tu.

Hayo mashina hayana ugonjwa wala kiu. Mmea huu ndivyo unavyoishi: mvua ikija unachipuka, unapanda, unatoa maua, unajaza kiazi kipya chini ya ardhi, kisha kila kilicho juu unakiacha kikauke. Kiazi hulala udongoni mpaka mvua nyingine. Wengi huikosea hapo. Mtu anaona manjano, anaongeza maji, kiazi kilicholala kinaoza, halafu anatangaza mtaani kwamba ua la mwitu halifugiki. Nadhani mwenye mwarobaini alipitia njia hiyo hiyo.

Chimba wiki hii, shina kavu bado linaonekana. Likishapeperushwa na kusi hutajua kiazi kiko wapi, na jembe la kaka yako halitauliza. Lakini usilivute shina! Likikauka huachana na kiazi kwa urahisi, utabaki na kamba mkononi. Lifuate mpaka linapoingia ardhini, simika kijiti hapo, anza kuchimba kiasi cha mkono mmoja kando, na ukikaribia weka jembe chini utumie vidole. Tarajia shubiri moja kwenda chini, na kwenye mchanga laini hata zaidi.

Utakachokuta ni kitu cha kahawia, kirefu, chenye umbo la herufi V, au L ikiwa mkono mmoja umekuwa mfupi. Pale mikono miwili inapokutana ndipo shina la mwaka huu lilipotokea. Sasa tazama ncha ya kila mkono. Hapo kuna jicho, dogo, limechongoka kidogo, rangi yake imefifia kuliko ngozi ya kiazi. Mkono mmoja, jicho moja. Hakuna jingine ubavuni wala katikati. Kiazi kitamu ukikikata vipande kila kipande kina njia yake ya kuota, lakini hiki ukivunja ncha umeshakiua, hata kiwe kinene namna gani. Nacho huvunjika ovyo. Kukidondosha kwenye sakafu ya simiti kunatosha. Kwa hivyo wakati wa kuchimba, kinga ncha kwanza, mengine baadaye. Ukikuta kando yake kingine kimesinyaa na kuwa chepesi, hicho ni cha mwaka uliopita, kimeshakamuliwa, kitupe.

Vaa glavu, au funga mifuko ya plastiki mikononi. Utomvu wake huwasha ngozi za watu wengine, na kisu utakachotumia kisirudi jikoni. Wala usivitie kwenye kikapu kimoja na mihogo au viazi vikuu uliyochukua shamba siku hiyo hiyo. Sikutishi. India na Sri Lanka kuna watu waliovichemsha wakidhani ni viazi vya kuliwa, wakafa.

Kuhusu udongo usijisumbue sana. Mchanga wa Muyeye ni mzuri kwake. Huku msituni naikuta kwenye mchanga wa kijivu na pia kwenye ule mwekundu wa upande wa magharibi, na wote ni udongo maskini. Isichoweza kuvumilia ni maji yaliyotuama. Changanya mchanga sehemu mbili na majani ya mkorosho yaliyooza sehemu moja, ongeza samadi kidogo iliyokaa mpaka haina harufu. Samadi mbichi itaunguza.

Maji ya kisima chako, hapana. Chumvi hujikusanya ndani ya ndoo na ncha za majani huungua, na mmea huu bila ncha za majani hauna cha kushikia. Weka pipa chini ya bati, ukinge mvua. Haunywi sana.

Kwa kuwa una mtoto, usipande ardhini. Chukua ndoo ya rangi ya lita 20, itoboe chini matundu ya kutosha, weka kokoto, jaza udongo. Kiazi kilaze, usikisimamishe, na juu yake uwe udongo wa vidole vinne. Ncha zielekee katikati ya ndoo. Hili watu hawaambiwi: chipukizi hutoka nchani, si katikati ya kiazi, na ukiwa umeibana ncha kwenye ukingo, chipukizi litapanda likijisugua kwenye plastiki mpaka livunjike. Nalo likivunjika, mwaka huo umeisha. Hakuna jicho la akiba.

Halafu acha. Ndoo iweke barazani pasipofika mvua, usitie hata kikombe kimoja. Vuli ikikaribia unaweza kuona kitu kimechomoza. Kama hakuna, subiri masika. Kina kalenda yake na hakitaki kuharakishwa. Siku utakayoona chipukizi, peleka ndoo kwenye ukuta wako na ndiyo siku ya kuanza kumwagilia. Jua la asubuhi na kivuli cha mchana ndivyo inavyopenda. Kichakani miguu yake imo kivulini na kichwa kiko juani, na wewe umeshapata mahali pa namna hiyo bila kuhangaika.

Sasa mahali pa kupandia. Wengi husimika boriti nene, kisha wanashangaa mmea umelala chini. Ncha ya jani ni uzi, haiwezi kuzunguka mti mnene kuliko penseli. Nenda pwani kwa wavuvi uombe kipande cha wavu mkuukuu, kitandaze ukutani kwa misumari. Mmea utapanda wenyewe, hufungi hata kamba moja. Mimi natumia matawi makavu ya mkorosho yenye vijiti vingi, kwa sababu wavu huku bara kidogo ni wa kununua.

Konokono wale wakubwa ndio adui wa kweli. Hawagusi shina lililokomaa, wanataka lile changa la wiki ya kwanza, na wanakuja usiku. Toka na tochi uwaokote. Jivu kuzunguka ndoo linasaidia mpaka mvua inaponyesha, yaani halisaidii siku unazolihitaji.

Miezi miwili hadi mitatu baada ya kuchipuka utaona maua. Siku moja inama ulitazame kutoka chini. Stameni sita, vile vijiti vya kiume vyenye chavua, zimetawanyika pande zote, na kile kijiti cha kike hakisimami katikati yake. Kimepinda kando ghafla, kama pembe ya chumba, kikajitokeza nje ya ua. Zamani nilidhani ni kilema cha ua moja. Kisha nikakaa nikawatazama vipepeo. Kipepeo mkubwa akija kunyonya, haingii ndani, anazungukazunguka pembeni akipiga mabawa, na mabawa ndiyo yanayopakwa chavua na kuipeleka kwenye kijiti cha ua lingine. Ndipo nikaona kwa nini kila kitu kimewekwa kule nje.

Maua yakisinyaa, wewe yakate. Usiache yafunge mbegu. Maganda yakipasuka hutoa mbegu nyekundu zinazong'aa, na mtoto wa miaka miwili ataziona ni peremende. Kuyakata pia huacha nguvu yote iende kwenye kiazi. Lakini shina na majani usiguse mpaka yakauke yenyewe, hata yakichukiza macho ya wageni.

La mwisho, mwambie kaka yako kwamba minazi mifupi hupandwa umbali wa mita saba hivi. Hatapanda mnazi juu ya mpaka. Akuachie ukanda wa mpakani bila kufyeka, hatapungukiwa hata dafu moja. Zimbabwe hili ndilo ua la taifa, na mwaka 1947 Elizabeth, kabla hajawa malkia, alipewa huko bruchi ya almasi iliyochongwa kwa sura yake. Sisi tunalo mpakani bure tunalifyeka.

Na wasomaji wengine mnaotamani: Umi anachimba shambani kwao. Msije mkaingia Arabuko-Sokoke na majembe. Ule ni msitu wa serikali, kutoa mmea bila kibali ni kosa, na mimi nikiwaona nitasema.

Bi Shela wa Lamu

Mzee nakubaliana nawe karibu yote, ila hapo pa kuacha kiazi ndani ya ndoo, kwetu hapafai.

Umi, mimi nina zangu hapa Shela, ndani ya kiwanja cha nyumba. Nilipewa mbegu na shemeji yangu anayelima kijiji cha Hindi, Lamu bara, na zilinichelewesha sana, maua sikuyaona mpaka masika ya tatu. Mwanzo niliziweka juu ya dari nikidhani zitapata jua zuri. Kusi ya Juni ikazichapa na mvuke wa chumvi mpaka majani yakawa meusi. Nikazishusha chini uani penye kuta nne, hapo ndipo zilipostarehe. Kwa hivyo kwako Muyeye angalia upepo kabla ya kuangalia jua. Ukuta wako ukiwa unatazama bahari, tafuta ukuta mwingine.

Kuhusu viazi: barazani mwangu mvua huingia kwa ubavu, na ndoo zikilowa wakati kiazi kimelala, huoza. Mimi huvitoa vikishakauka shina, huvipangusa udongo bila kuviosha, huvifukia ndani ya mchanga mkavu kwenye mtungi wa udongo, na mtungi huukalisha chini ya ngazi. Havigusani. Mwezi wa tatu navifungua, na kilichoanza kuvimba nchani ndicho napanda kwanza. Sijawahi kupoteza kingi kwa njia hii.

Na mbuzi wenu ni afadhali. Njooni mfuge maua kwenye mji wa punda.

Lakini nitakwambia kama mwanangu: mtoto wa miaka miwili na mmea huu siwezi kuwaweka pamoja. Mimi nilingoja wajukuu wakue wajue kuambiwa. Mtungi wa mchanga chini ya ngazi unaweza kukaa na viazi masika moja bila kupandwa, lakini mbili sina hakika navyo. Labda vipeleke kwa mtu asiye na watoto, avipande kwa niaba yako.

Mzee wa Pupa

Bi Shela, shikamoo. Kwa mahali penye mvua ya ubavu, mtungi wako ni bora kuliko ndoo yangu. Baraza langu lina makuti yaliyoshuka hadi kiunoni, ndiyo maana sikufikiria.

Muuguzi wa Zamu

Mimi si mtu wa maua lakini nimeona neno sumu, acheni niongeze ya kwangu.

Sumu iliyomo inaitwa kolchisini. Ni dawa hiyo hiyo inayotumika kutibu jongo, kwa kipimo kidogo sana, na huko Tamil Nadu nchini India gloriosa hulimwa mashambani ili mbegu zake ziuziwe viwanda vya dawa. Isiwadanganye kwamba basi ni dawa ya mitishamba ya kujitengenezea nyumbani. Kipimo kinachotibu na kinachoua havijaachana sana, na kiazi cha mmea hakijaandikwa kipimo. Kila sehemu ina sumu: jani, shina, ua, mbegu. Kiazi ndicho kibaya zaidi.

Hatari yake ni kwamba haionekani papo hapo. Mtoto akila anaweza kucheza kama kawaida kwa saa kadhaa. Baadaye huja midomo na koo kuwaka, kutapika, kuhara sana mpaka mwili unakauka maji, na ukingoja hadi hapo umeshachelewa, kwa sababu sumu inaendelea kuharibu figo, ini na uboho wa mifupa. Wanaopona wengine hupukutika nywele baada ya wiki moja au mbili. Kwa hivyo ukimkuta mtoto ametafuna hata kipande, au unashuku tu, usingoje dalili. Hospitali hapo hapo, na uchukue tawi la mmea, uupige picha pia, ili wajue wanapambana na nini. Usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa ukadhani yanasafisha.

Mbuzi na ng'ombe wakila nao huathirika. Masalio ya mmea yafukieni, msitupe jalalani ambako mbuzi wanazurura.

Simwambii mtu asipande. Mwarobaini wa jirani na oleanda za mahotelini, nani huuliza? Oleanda nayo inaua na iko kila ua wa hoteli. Lakini panda ukijua.

Kijana wa Mambrui

Sasa mimi naogopa hata bogenvilia.

Umi wa Muyeye

Shikamoo Mzee, shikamoo Bi Shela. Muuguzi, mama mkwe nimemsomea maneno yako yote na amefurahi kuliko nilivyotaka.

Nimekwenda Ganda na kaka. Nimechimba kwa vidole mpaka kucha zimekwisha. Mashina makavu kabisa yalikuwa ya rahisi kuyafuata, yale ya manjano bado yamejisokota ndani ya lantana na lantana ina miiba, kwa hivyo mengine nimeyaacha. Na kaka amekubali kuhusu mpaka. Hakukubali kwa ajili ya maua. Ile hesabu ya mita saba ndiyo iliyomshinda. Kwa hivyo yale niliyoyaacha yatabaki pale pale.

Viazi nimevipata vya kutosha, virefu kuliko nilivyofikiri, na vingine vina ile V kabisa. Nimeamua kumfuata Bi Shela: mchanga mkavu, mtungi wa mama yangu wa zamani ulio na ufa usiofaa tena kwa maji, nao nimeuweka juu ya kabati, chumba kinachofungwa kwa ufunguo. Masika yakija, dada yangu wa Maweni ambaye watoto wake wako sekondari atapanda nusu kwenye ukuta wake, na nusu nitapanda kwenye ndoo nitakazoziweka juu ya dari ya choo cha nje, ambako hakuna ngazi. Bi Shela usinigombeze, dari hiyo imekingwa na nyumba ya jirani upande wa bahari.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kiazi kimoja kilivunjika pale kwenye maungio, mikono miwili ikaachana. Je, nimekipoteza? Na vingine vina mkono mmoja mrefu na mwingine umekuwa kinundu tu. Hicho kinundu kina uhai?

Mzee wa Pupa

Marahaba mwanangu. Kuvunjika kwenye maungio si hasara, hapo umepata mimea miwili, mradi kila mkono una ncha yake nzima. Hata mimi nikitaka kuongeza huitenganisha hapo kwa makusudi. Paka jivu la kuni pale palipovunjika, iweke kivulini penye hewa siku mbili tatu mpaka jeraha likauke, ndipo uitie mchangani. Ikiwa bado inatoa maji usiifukie, itaozesha na wenzake.

Kinundu kitategemea ukubwa wake. Kikiwa sawa na kidole gumba kinaweza kuchipuka, lakini usitarajie ua mwaka wa kwanza. Kitatoa shina dogo lisilopanda mbali, kitajaza kiazi, na mwaka wa pili kitakuwa mtu mzima. Usikikate kwenye mkono mkubwa, viache pamoja.

Mtungi uandike kwa rangi isiyofutika. Wewe unajua kilichomo, lakini mwezi wa tatu anaweza kuja mgeni akitafuta viazi vya mchuzi, na chumba kinachofungwa siku ya harusi hakifungwi.

Bi Shela wa Lamu

Sikugombezi. Lakini dari ya choo itakauka upesi kuliko ndoo ya chini, kwa hivyo kwenye miezi ya maua pitia kila jioni uguse udongo kwa kidole. Ukiwa mkavu mpaka kifundo cha kwanza, mwagilia. Na wavu upange kabla chipukizi halijatoka, ukipanga baadaye utalivunja, nakuapia.

Kijana wa Mambrui

Mzee, tuseme mtu amebadilisha mawazo. Kiazi kimoja unauza pesa ngapi?

Mzee wa Pupa

Siuzi viazi. Nikianza kuuza kesho vijana watavichimba msituni waniletee, na sitaweza kujua vimetoka wapi. Mbegu nitakupa bure. Utazipanda kwenye mchanga uliolowa kidogo, kina cha ukucha, penye kivuli, na huenda usione kitu kwa mwezi mmoja au mitatu. Ua ni mwaka wa tatu au wa nne. Ukija chukua bahasha ya karatasi, mbegu kwenye plastiki hushika ukungu.